Harufu ya Kwenye Kola

Lifti ya jengo lile la maduka ilikuwa na tabia ya kujaa mpaka mtu akitaka kujikuna inabidi aombe ruhusa kwa jirani. Asubuhi hiyo ilikuwa imebeba mafundi simu, mama mmoja mwuza vitambaa na marobota yake, mwanamume aliyekumbatia televisheni, na katikati yao kinyozi wa ghorofa ya pili, ndani ya shati jeupe lililopigwa pasi likakubali. Wenzake walimwita Wembe, kwa sababu ya kazi yake na pia kwa sababu ya wembamba wake.

"Nisogezeeni kidogo jamani, nina chupa!" sauti ya kike ikasikika mlangoni.

Hakuna aliyesogea, maana hapakuwa na pa kusogea. Mwenye sauti akajipenyeza hivyo hivyo: gauni la rangi ya machungwa, nywele zimefungwa juu na kuchomekwa penseli, boksi kifuani. Mlango ukamgonga kiwiko. Chupa moja ikaruka, ikatua juu ya kiatu cha Wembe, ikapasuka.

Lifti nzima ikanukia waridi. Mwenye televisheni akafumba macho kwa raha. Wembe yeye akapiga chafya, akapiga ya pili, akaendelea tu mpaka machozi yakamtoka.

"Pole kaka yangu! Nimekuumiza?"

"Kiatu ndicho kimeumia. Mimi mzima."

"Hicho kiatu sasa hivi kina thamani kuliko wewe mwenyewe. Ni marashi safi hayo, hayajatiwa maji."

"Basi itabidi nivae kimoja kimoja. Kile cha kazini, hiki cha harusini."

Dada akacheka bila kuziba mdomo. Kisha akafanya jambo ambalo Wembe hakulitegemea hata kidogo: akasogeza pua karibu na bega lake, akavuta hewa taratibu, kama mpishi aliyefunua sufuria.

"Poda. Spiriti. Sabuni ya kufulia. Wewe ni kinyozi."

"Umejuaje?"

"Pua hii haidanganywi. Lakini kuna kitu kingine hapo chini, sikipati." Akakunja uso. "Nitakipata tu."

Mlango ulipofunguka ghorofa ya pili, Wembe alitakiwa kushuka. Hakushuka. Alilipokea lile boksi, akapanda nalo mpaka ya tano, na mteja aliyekuwa akimsubiri kitini alinyolewa na mtu mwingine siku hiyo.

Huko ghorofa ya tano dada alikuwa na chumba kimoja chenye jiko la umeme, mizani, sufuria zinazong'aa na rafu za makopo ya krimu aliyoipika mwenyewe. Zamani alifanya kazi kiwanda cha sabuni. Aliacha mshahara wa uhakika ili apike manukato yake, na baba yake mpaka leo alikuwa akimwuliza atauza harufu mpaka lini. Jengo zima lilimwita Pua, na wala hakukasirika. Alikuwa na haki ya jina hilo kuliko mtu yeyote.

Damu zao ziliendana haraka. Wembe akawa na safari zisizoisha za ghorofa ya tano, mara amesahau kalamu, mara amekuja kuazima mkasi, yeye kinyozi mzima. Mchana simu ikiita, wateja walijua ni nani kwa jinsi mashine ya kunyolea ilivyozimwa ghafla.

"Uko wapi, kipenzi?"

"Niko kichwani mwa mzee mmoja, nimefika nusu."

"Mmalizie, usije ukamwacha na kofia. Halafu uje unibebee ndoo ya nta."

"Mapenzi gani haya ya kubebeshana ndoo?"

"Ndiyo haya. Ukitaka ya maua, nenda ghorofa ya kwanza, wanauza ya plastiki."

Siku moja akampa kopo dogo la kioo lenye kifuniko cha mbao. Ndani mlikuwa na krimu laini yenye rangi ya maziwa. Ilinukia karafuu, ikafuatia waridi, na mwisho mdalasini kwa mbali.

"Hii siuzi," Pua alisema, na kwa mara ya kwanza hakumtazama usoni. "Nimeipika kwa ajili yako. Hakuna mtu mwingine duniani mwenye harufu hii. Shingoni na viganjani, kila siku, sawa?"

"Sawa, laazizi. Hata nikiambiwa nile."

"Usile. Na nitakukagua."

Na kweli alimkagua. Hiyo ndiyo iliyokuwa salamu yao: kabla ya habari za kazi, kabla ya busu, Pua alimsogelea, akaweka pua chini ya sikio lake, akavuta, akatabasamu. Wembe aliipenda salamu hiyo kupita kiasi. Alikuwa mtu mzima mwenye duka lake, lakini akinuswa shingoni alisahau hata siku ya wiki.

Mwanzoni mambo yalikuwa shwari. Kisha shingo ikaanza kumwasha. Alidhani ni joto, akabadilisha shati. Ikawasha zaidi. Nyuma ya masikio pakawa pekundu, viganja vikakauka na kupasuka, na vipele vidogo vikajipanga kwenye mstari wa kola kana kwamba vimeitwa. Alipoacha kupaka ile krimu wakati Pua amesafiri kwenda kununua mafuta, ngozi ilipoa. Alipoanza tena, iliwaka. Hakuhitaji kuambiwa na mtu.

Kwa kinyozi, jambo hilo lilikuwa balaa. Nani atampa kichwa chake mtu mwenye vipele mikononi? Mzee wa kila Jumamosi alitazama vidole vile, akakumbuka ghafla kwamba ana safari, akatoka na ndevu zake. Wembe akanunua glavu. Akafunga kola mpaka kifungo cha mwisho, hata jua liwe kali namna gani.

Dada yake mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke asiyejua kunong'ona, alimpigia simu baada ya kumwona barabarani.

"Wewe! Shingo imekuwaje, umenyongwa?"

"Joto tu, dada."

"Joto gani linachagua mtu mmoja? Mwambie huyo mchumba wako hiyo krimu yake unayonisifia kila siku inakuunguza."

"Siwezi."

"Huwezi kwa nini?"

Huko kutoweza kulikuwa na sababu. Duka kubwa la vipodozi lilikuwa limemwita Pua apeleke bidhaa zake zikaonwe, na tangu apate habari hiyo alikuwa halali vizuri. Mwenyewe alimwambia Wembe, huku akikoroga sufuria: "Mtu mmoja tu akisema krimu yangu inawasha, nimekwisha. Baba atafurahi kweli." Sasa mtu huyo mmoja awe ni yeye? Tena kwa krimu aliyopikiwa peke yake? Wembe aliona bora ajikaze kisabuni. Aliogopa akisema atamvunja moyo, na akimvunja moyo atamkosa, na bila Pua hakuona hata sababu ya kufungua duka asubuhi.

Lakini ukaguzi je? Hapo ndipo akili yake ya kinyozi ilipofanya kazi. Kila asubuhi alichota krimu kwa kijiti, akaipaka ndani ya kola na ndani ya mikono ya shati, mbali na ngozi kadiri alivyoweza, kisha akatoka akijiona mjanja wa mji mzima.

Ujanja huo ulidumu mpaka jioni waliyokwenda sinema.

Walikuwa kwenye foleni ya tiketi. Pua alipendeza kupita siku zote: gauni la buluu iliyokolea, hereni ndefu zinazogusa mabega, midomo imepakwa rangi. Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya duka kubwa. Alimsogelea Wembe kama kawaida, akaweka pua mahali pake. Akavuta. Hakutabasamu. Akavuta tena, sasa kwenye kola, kisha kwenye kiganja, kisha kwenye mkono wa shati.

"Nini, mpenzi?"

"Krimu yangu ikikaa kwenye ngozi inapata joto," alisema polepole. "Karafuu inatangulia, waridi linafuata, mdalasini unabaki. Kwenye kitambaa haitembei, inalala pale pale. Hii yako imelala. Imejaa kwenye kola, shingoni hakuna kitu."

"Labda imekauka."

"Haikauki hivyo. Mimi ndiye niliyeipika." Macho yake yalikuwa yameanza kujaa. "Harufu inakaa kwenye shati tu mtu anapokumbatiwa na mwingine aliyejipaka. Kopo lile ni moja, Wembe. Umempa nani?"

"Sijampa mtu! Naapa."

"Basi nionyeshe shingo."

Kifungo kimoja tu. Angefungua kifungo kimoja tu, angeokoka. Mkono wake ulifika pale kooni, ukashika kifungo. Akakumbuka kesho ni siku gani. Akilini akamwona Pua amesimama mbele ya wale watu wa duka kubwa, akisema krimu zake ni salama, huku kichwani anaona shingo hii. Akaushusha mkono.

"Siwezi," alisema.

"Huwezi." Pua aliitikia kwa kichwa, kana kwamba amejibiwa vizuri sana. "Ana bahati, huyo uliyempa. Ile ndiyo krimu nzuri kuliko zote nilizowahi kupika."

Akatoka kwenye foleni, hereni zikiyumba. Wembe alibaki na nafasi yake mbele ya dirisha la tiketi, mwuza tiketi akimwuliza wangapi.

Simu hazikupokelewa. Meseji zilisomwa, zikaachwa. Alisikia kutoka kwa mama wa vitambaa kwamba duka kubwa lilimkubali Pua na kwamba rafu yake tayari imepangwa. Alifurahi, akaenda chooni, akafurahi peke yake mpaka macho yakawa mekundu kama shingo. Dada yake alipomkuta katika hali hiyo hakumpa nafasi ya kujieleza. Alimshika mkono, akampeleka kliniki ya ngozi, akakaa naye kwenye benchi mpaka akaitwa.

Daktari alikuwa mwanamke mpole mwenye miwani. Alimbandika mgongoni plasta zenye vidoa vya dawa, safu kwa safu, kila kidoa na kitu chake, vingine vya manukato, vingine vya madini, akamkataza kuoga mgongo wala kutoka jasho mpaka atakaporudi.

Ndipo, akiwa na mgongo huo uliobandikwa, alipoingia tena kwenye ile lifti, kwa kuwa ngazi zingemtoa jasho. Ilijaa kama kawaida yake. Mlango ukiwa unafungwa mtu mmoja akajipenyeza, akasukumwa mpaka nyuma ya Wembe. Kabla hajasema kitu Wembe alikwisha kumjua kwa lile waridi lake. Akapiga chafya.

Lifti ikaanza kupanda.

"Karafuu," sauti ikasema mgongoni kwake, taratibu, kama mtu anayejisemea bila kupenda. "Na mdalasini, pembeni kidogo. Na kitu kama mpira." Kisha, kwa ukali: "Una nini mgongoni?"

"Plasta. Daktari anatafuta kinachoniwasha."

"Unawashwa na nini?"

Duka kubwa lilikwisha kumkubali Pua. Wembe hakuwa tena na kesho ya kuiogopa. "Krimu," alisema.

Mafundi simu wakaacha kuzungumza.

"Krimu ya nani?" akauliza mama wa vitambaa, ambaye hakuna aliyekuwa akizungumza naye.

"Yake."

"Uongo," Pua alisema, lakini sauti ilikuwa imepungua.

"Mwonyeshe, kaka," mwanamume mmoja akashauri kutoka kwenye kona. "Fungua shati aone."

Hapo hapo, kati ya marobota na viwiko vya watu, Wembe alifungua kifungo kile alichoshindwa kukifungua kwenye foleni ya sinema, akageuka kadiri nafasi ilivyoruhusu. Pua akaona shingo: wekundu, magamba, mistari ya kujikuna. Akaona viganja.

"Kwa hiyo ile harufu ya kwenye kola..."

"Nilipaka kola. Na mikono ya shati, kwa ndani. Kwa kijiti."

"Kwa kijiti!"

"Ili unikague upate."

Mlango ukafunguka ghorofa ya tano. Hakuna aliyeshuka, hata waliokuwa wanakwenda ya tano.

"Mjinga wewe," Pua alisema, machozi yakimtiririka, akatoka.

Mlango ukaanza kujifunga. Mama wa vitambaa akaweka robota katikati. "Unasubiri nini, kaka? Ameshakuita mjinga. Mfuate!"

Alimkuta kwenye chumba chake, amesimama kwenye kona iliyo mbali kabisa na mlango, mikono imeinuliwa kama mtu aliyenyooshewa bunduki.

"Usinisogelee, nimejaa manukato. Simama hapo hapo." Akajifuta uso. "Nilikuonea, Wembe. Nisamehe."

"Na mimi nilikudanganya. Nisamehe."

"Sijamaliza. Ulinyamaza kwa sababu ya duka kubwa, siyo?"

"Ndiyo."

"Uliona mimi ni mtu wa kuchagua rafu kuliko shingo yako?"

Swali hilo lilimchoma Wembe kuliko vipele vyote, kwa kuwa ndivyo alivyofikiri hasa, na alijiita mwenye huruma kwa kufikiri hivyo.

"Hilo ndilo lililoniumiza," Pua alisema. "Majibu unachukua lini?"

"Kesho kutwa."

"Tunakwenda wote. Mimi nitakaa benchi la mbali."

Daktari alieleza bila haraka, na Pua aliuliza maswali mpaka daktari akavua miwani. Kile kidoa cha karafuu kilikuwa kimevimba, na cha mdalasini pia. Ngozi ya Wembe imekataa baadhi ya manukato, daktari alisema, na ngozi ikishakataa huwa haisahau. Si krimu hiyo moja tu yenye hatia. Miaka yote ya kupaka wateja losheni za baada ya kunyoa, kwa mikono mitupu, ilikuwa imeandaa njia. Kwamba kitu kimetoka kwenye ua au gome la mti hakukifanyi kiwe kipole. Watu wengi hupaka manukato bila shida yoyote, lakini asiyeyaweza hayawezi hata kidogo tu.

"Basi nitampa ile isiyo na harufu," Pua alisema.

"Angalia vizuri. Nyingine hazinuki kwa sababu zimetiwa manukato ya kufunika harufu ya mafuta. Wewe mpe ile ambayo haikutiwa kabisa."

Walipotoka, Wembe alirudi ndani mara moja, akasema amesahau kuuliza jambo. Alipotokea tena alikuwa anatabasamu, akakataa kusema.

Ukaanza uchumba wa ajabu. Pua ghorofa ya tano, Wembe ya pili, na kati yao simu tu, kwa kuwa nguo, nywele na hata penseli ya Pua vilinukia.

"Leo ya kwanza imeiva," alimpigia. "Inanuka mshumaa."

"Mimi napenda mishumaa."

"Nyamaza. Nitairudia."

Kesho yake: "Hii inanuka kama jiko la mgahawa. Nimeimwaga."

"Pole, roho yangu. Niambie kitu kitamu."

"Nimekukosa mpaka nimekwenda kunusa kiti ulichokaliaga."

"Kinanukia nini?"

"Kiti."

Maisha yake yote alikuwa amejifunza kuongeza: tone hili, chembe ile. Kupika kitu kisichonukia kulimtoa jasho. Alipata sampuli, akazituma kupitia kwa mama wa vitambaa, Wembe akapaka kidogo kwenye kunjo la mkono, wakasubiri kwanza kabla ya kupaka shingoni. Mkono ukanyamaza. Shingo nayo ikaanza kupona, na mzee wa Jumamosi akarudi na ndevu zilizofika kifuani. Kwenye makopo ya duka kubwa Pua akabandika karatasi mpya: vilivyomo vyote, na maneno ya kumtaka mtu ajaribu kidogo mkononi kabla ya kujipaka. Watu wa duka walinung'unika kidogo, kisha wakazoea.

Jumapili alasiri Wembe alikuwa peke yake dukani, akifagia nywele za wiki nzima. Siku zote alimsikia Pua kwa pua kabla ya kumwona; harufu yake ilifika ngazini kwanza, yeye akafuata. Safari hii aliinua kichwa akamkuta tayari yuko mlangoni. Gauni jeupe la pamba lisilo na urembo, nywele zimeachiwa, hazina mafuta. Hakuwa na hereni. Mkononi kopo lenye kifuniko cha mbao.

"Umekuja saa ngapi? Sikukusikia."

"Sina harufu. Nimefua kila kitu kwa sabuni tupu, hata mapazia. Nimejiona kama kuku aliyenyonyolewa." Akasita. "Nipo vilevile?"

Wembe akaacha ufagio. Akamsogelea mpaka karibu, akavuta hewa. Hakupiga chafya. Kulikuwa na joto lake tu, na kitu kidogo kitamu ambacho siku zote kilikuwa kimefunikwa na waridi.

"Zaidi," alisema.

Pua akamketisha kwenye kiti cha wateja, akafungua vifungo viwili, akampaka shingoni kwa vidole viwili, polepole. Hakikuwasha kitu. Kisha akainama kumkagua kama zamani, pua chini ya sikio. Akavuta, akatulia.

"Nimekipata," alinong'ona. "Kile cha siku ya lifti."

"Ni nini?"

"Ni wewe tu. Nilikuwa nakitafuta huku nakufunika." Akavuta tena. "Sasa niambie. Siku ile ulirudi kumwuliza nini daktari?"

"Kati ya zile plasta kulikuwa na za madini. Nilimwuliza kama dhahabu inaniwasha."

Pua hakuinua kichwa.

"Akasemaje?"

"Hainiwashi. Akasema naweza kuivaa kidoleni maisha yangu yote. Kwa hiyo nakuuliza wewe, na kwa baba yako nitakwenda mwenyewe, nimwambie utauza harufu mpaka utakapochoka. Utakubali nikuoe?"

"Ndiyo, mjinga wewe," Pua alisema kutoka shingoni mwake. "Lakini usiinuke. Sijamaliza kunusa."

Wembe hakuinuka. Jua likatoka dirishani likahamia ukutani, nywele za wiki nzima zikabaki pale pale sakafuni, na hakuna aliyezijali.